Lenin na kiharusi kidogo kilichotangulia kikubwa

Hebu jibu haraka: 12 mara 7 ni ngapi? Usitoe simu mfukoni. Ukikwama si hoja, utajumlisha 12 na 12 kwa vidole mpaka ufike 84, kisha uendelee na shughuli zako.

Sasa mfikirie mwanamume wa miaka 52. Amesomea uanasheria. Ameandika vitabu na makala chungu nzima, anasoma Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza, na wakati huu ndiye kiongozi wa nchi kubwa kuliko zote duniani kwa eneo. Daktari anamuuliza swali hilohilo. Anaitazama karatasi. Jibu haliji. Anang'ang'ana nalo kwa karibu saa tatu, akipandisha 12 moja juu ya nyingine kama mtoto wa shule ya msingi, mpaka anafika.

Mtu huyo ni Vladimir Ilyich Ulyanov, ambaye wewe unamjua kwa jina la Lenin. Ilikuwa Mei 30, 1922, huko Gorki, kusini mwa Moscow. Siku chache kabla alikuwa amepatwa na kiharusi, tena kile ambacho watu hukiita kidogo: hakikumuua, hakikumlaza daima, na kufikia Oktoba alikuwa amerudi ofisini akichapa kazi. Lakini kabla ya mwaka kuisha kilirudi. Kikarudi tena mwaka uliofuata, na mara hiyo kikaondoka na ulimi wake.

Nakusimulia maisha yake leo, na siasa zake nitazigusa tu pale zinapolazimu. Kinachonivuta ni miezi ile kati ya kiharusi kidogo na kikubwa, wakati madaktari bora wa Ulaya walizunguka kitanda chake wakitafuta kila mahali isipokuwa pale penyewe. Si kwamba walikuwa wajinga. Hawakuwa na jinsi ya kupaona.

Alizaliwa Aprili 22, 1870, mjini Simbirsk, kando ya mto Volga. Babake, Ilya, alikuwa mkaguzi wa shule, mtu aliyezunguka mkoa mzima kuhakikisha watoto wa vijijini wanapata mahali pa kusomea. Januari 1886, Ilya akafa ghafla nyumbani akiwa na miaka 54 tu. Ikasemwa ni damu iliyovuja ubongoni. Liweke hilo akilini, maana daktari wa leo angekuuliza kuhusu babako kabla hata hujaketi vizuri.

Mwaka uliofuata mambo yakaenda segemnege kabisa. Kakake mkubwa, Alexander, mwanafunzi wa chuo kikuu, alinyongwa Mei 1887 kwa kushiriki njama ya kumuua Tsar Alexander wa Tatu. Vladimir alikuwa na miaka 17 na alikuwa katikati ya mitihani ya kumaliza shule. Aliifanya, tena akaongoza. Akajiunga na Chuo Kikuu cha Kazan, na kabla ya Desemba kuisha akafukuzwa kwa kujiunga na maandamano ya wanafunzi. Alijisomea sheria nyumbani, akafanya mtihani wa St Petersburg kama mtahiniwa wa nje mwaka wa 1891, akafuzu.

Yaliyofuata unaweza kuyapata katika kitabu chochote cha historia, kwa hivyo nitayapitia mbio. Alikamatwa Desemba 1895, akapelekwa Siberia miaka mitatu, na huko ndiko alikomuoa Nadezhda Krupskaya mwaka wa 1898. Kisha akaishi uhamishoni kwa miaka mingi: Munich, London, Geneva, Paris, Krakow, Zurich. Alirudi Urusi Aprili 1917 kwa treni iliyopita Ujerumani, na kufikia Novemba chama chake kilikuwa kimenyakua serikali.

Sitakuficha, mikono yake haikuwa safi. Chini ya utawala wake polisi wa siri waliwapiga watu risasi bila kesi, magazeti yakafungwa, na njaa ya 1921 na 1922 ikaua mamilioni baada ya miaka ya vita na ya wakulima kunyang'anywa nafaka. Wapo wanaomwabudu hadi leo na wapo wasiotaka hata kusikia jina lake. Lakini mishipa ya damu haiulizi mtu ni wa chama gani.

Na hapa kuna jambo linalowashangaza vijana wengi nikiwasimulia. Ukimtazama Lenin, hakuwa mtu wa kupata kiharusi. Hakuvuta sigara, na hata wenzake hawakuwa na raha ya kuvuta mbele yake. Pombe hakuiendekeza. Aliendesha baiskeli, alipanda milima ya Uswisi, aliogelea, aliwinda. Sisi tukisikia kiharusi tunamfikiria mzee mnene mwenye presha anayekula nyama choma kila Ijumaa. Huyu alikuwa na miaka 51 alipoanza kulalamika.

Malalamiko yalianza 1921: kichwa kinauma, usingizi haupatikani, kazi ya saa moja inamchosha kama ya siku nzima. Mara mbili hivi alipata kizunguzungu kikali. Bingwa wa mfumo wa fahamu aliyempima Machi 1922 hakuona kasoro yoyote mwilini. Uchovu wa kazi, akasema. Pumzika. Nani angebisha? Alikuwa akifanya kazi usiku na mchana.

Ndipo ikaja hadithi ya risasi. Agosti 30, 1918, Lenin alikuwa amepigwa risasi akitoka kuhutubia wafanyakazi wa kiwanda jijini Moscow. Risasi moja iliingia upande wa kushoto, ikapenya shingo na kukwama upande wa kulia, karibu na mfupa wa mtulinga. Nyingine ilibaki begani. Aliishi nazo. Sasa, 1922, profesa mmoja kutoka Ujerumani, Georg Klemperer, alishuku kwamba risi ya risasi hizo, yaani madini ya risasi yenyewe, inatia sumu damuni na ndiyo inayoleta maumivu ya kichwa. Wenzake wengine hawakukubaliana naye, lakini uamuzi ukapita. Lenin akapigwa eksirei ili risasi zionekane zilipo, na Aprili 23 daktari mwingine Mjerumani, Moritz Borchardt, akamdunga ganzi na kuitoa ile ya shingoni.

Tua hapo kidogo. Madaktari walikuwa na picha. Eksirei ilionyesha chuma waziwazi, kama unavyoona sarafu iliyomezwa na mtoto. Lakini katika shingo hiyohiyo mlikuwa na mshipa uliokuwa ukizibika, na eksirei ya kawaida haiuonyeshi mshipa wa damu. Damu na nyama kwake ni kivuli kimoja. Walipita karibu kabisa na adui, wakatoa risasi, wakafunga kidonda.

Mwezi mmoja baadaye, usiku wa kuamkia Mei 26, kikampata. Alianza kwa kutapika, na walioitwa walifikiria kwanza tumbo. Halafu wakaona mkono wa kulia hauna nguvu. Mguu wa kulia pia. Maneno yakawa yanapotea, mengine yanatoka mengine hayatoki. Siku chache baadaye ndiyo ile hesabu ya 12 mara 7.

Jambo moja lazima uwape madaktari hao: walijua ubongo umegawanyika. Tangu miaka ya 1860, Paul Broca wa Ufaransa alikuwa ameonyesha kwamba kwa watu wengi usemi hukaa upande wa kushoto wa ubongo, na ilishajulikana kwamba upande huohuo ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia. Kwa hivyo Otfrid Foerster, bingwa aliyeletwa kutoka Breslau, hakuhitaji kuambiwa kwamba shida iko kushoto. Alichokosa ni sababu. Je, ni sumu? Ni uchovu? Ni kaswende? Wakati huo kaswende ilikuwa inajulikana kushambulia mishipa ya ubongo, hivyo damu ya Lenin ikapimwa. Haikuonekana. Ila baadhi ya madaktari hawakuiacha dhana hiyo, na baadaye aliwahi kutibiwa kwa dawa za ugonjwa huo. Ukiwa gizani unapapasa kila ukuta.

Mwenyewe alihisi zaidi ya walivyomwambia. Mwishoni mwa mwezi huo wa Mei alimwita Stalin na kumwomba sumu, iwe tayari siku mwili utakapokataa kabisa. Hakupewa. Akatulizwa kwamba hali si mbaya kiasi hicho.

Na kweli ilionekana si mbaya. Hapa ndipo kiharusi kidogo kinapomchezea mtu shere. Wiki zikapita, mkono ukarudi, akaanza kuandika tena, mwandiko ukanyooka. Kulikuwa na siku ambapo mguu ulimlegea kwa dakika chache tu kisha ukakaa sawa, akacheka na kuendelea. Familia ikapumua. Lakini dakika hizo chache zilikuwa habari. Hakukuwa na mtu wa kuzisoma.

Hebu tumwache hapo Gorki, kiangazi cha 1922, tuje wakati wetu. Tuseme ni babu yako, au mbuyu mwenyewe. Asubuhi kikombe cha chai kimemtoka mkononi, mdomo umepinda kidogo, maneno yanagongana. Kufikia saa sita mchana amerudi sawa, na anakataa katakata kwenda hospitalini kwa sababu eti ni baridi tu. Daktari akimpata atataka kujua mambo mawili. La kwanza, nini kimetokea. La pili ndilo linalomnyima usingizi: nini kitatokea kesho?

Kwa jicho tu, wagonjwa wawili wenye kiharusi kidogo wanaweza kufanana kama mapacha. Mmoja ataenda nyumbani asipate tena tatizo. Mwingine atakuwa amepooza kabla ya wiki kuisha. Kinachowatenganisha aghalabu kiko ndani, na ndiyo maana siku hizi wanapigwa picha.

Mashine ya kwanza ni skani ya CT. Ilitumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza Oktoba 1, 1971, katika hospitali moja ya London, baada ya mhandisi Godfrey Hounsfield kuunganisha eksirei na kompyuta. Inakata ubongo vipande vipande kwenye kioo bila kisu. Kwa dakika chache inajibu swali ambalo bila jibu lake huwezi kutoa dawa: je, damu imevuja au mshipa umeziba? Ukikosea hapo unaweza kumuua mtu, kwa sababu dawa inayomsaidia huyu inamvujisha yule.

Kisha inakuja MRI, isiyotumia eksirei bali sumaku kubwa. Ina namna moja ya kupiga picha inayofuata jinsi maji yanavyotembea kati ya seli. Seli ikikosa damu inavimba, maji yananaswa, na kwenye picha panatokea doa jeupe linalong'aa, mara nyingi ndani ya saa moja au mbili tu, wakati CT bado inaonyesha ubongo mzima mzima. Doa likiwepo, hata dogo kama punje ya maharagwe, huyo hakupata baridi. Yakiwa kadhaa upande mmoja, mengine mapya na mengine ya siku zilizopita, daktari anajua kuna mahali juu ya mto panapotema vipande vya donge la damu, na hapajaacha.

Ya tatu ndiyo ambayo Lenin aliihitaji kuliko zote. Mgonjwa anadungwa dawa ya rangi kwenye mkono, skani inapigwa rangi inapopita, na mishipa yote kutoka kifuani hadi utosini inajitokeza kama ramani ya mito. Gusa upande mmoja wa shingo yako, taratibu, pembeni mwa koo. Unasikia kitu kinadunda? Huo ni mshipa wa karotidi. Uko mmoja kila upande, na hiyo miwili ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya damu ya ubongo. Ukizibwa na mafuta na chokaa, damu hupita kwa tabu, na juu ya ule uchafu donge hujengeka, linamegeka, linapanda.

Picha hizo zinabashiri kweli? Huko Calgary, Kanada, watafiti waliwafuatilia watu 510 waliopatwa na kiharusi kidogo au dalili zilizopita haraka, wakawapiga skani ya mishipa mapema. Matokeo yalichapishwa 2012. Watu 36 walipata kiharusi kingine au cha kwanza kikazidi, na wengi wao ilikuwa katika siku za mwanzo kabisa. Wale ambao skani iliwaonyesha mshipa umeziba au umebana, au doa la kiharusi kipya, walikuwa na hatari mara kadhaa kuliko wenzao ambao picha zilikuwa safi. Mkono ulikuwa umerudi, maneno yalikuwa yamerudi, lakini picha ilikuwa imeshasema.

Si uganga, uelewe. Kuna viharusi vinavyotokana na mishipa myembamba mno iliyo katikati ya ubongo, kiasi kwamba ramani hiyo haiionyeshi, na baadhi ya wagonjwa hao huingia wodini wakitembea na kuamka kesho yake hawawezi kuinua mkono. Daktari hutazama ukubwa wa doa na mahali lilipo, lakini hapo ubashiri bado unayumba, na watafiti bado wanaupigania.

Kwa karotidi, hata hivyo, kuona kunabadilisha matibabu. Utafiti mkubwa wa Amerika Kaskazini uliochapishwa 1991 uliwachukua watu waliokuwa wamepata onyo dogo na mshipa wao umebana kwa asilimia 70 au zaidi. Katika miaka miwili, 26 kati ya kila 100 waliopewa dawa pekee walipata kiharusi upande huo. Waliopasuliwa shingo na kusafishwa mshipa walikuwa 9. Siku hizi hata dawa zimeongezeka: aspirini pamoja na nyingine ya kuzuia damu kuganda kwa wiki chache za mwanzo, dawa za kupunguza lehemu, na za presha.

Aspirini! Tangu 1899 ilikuwa ikiuzwa na kampuni ya Bayer, na mwaka wa 1922 ilikuwa dawa ya kawaida Ulaya nzima. Watu waliimeza kwa kuumwa kichwa na homa. Kwamba kidonge hicho kinazuia donge la damu, dunia ilikuja kulielewa miongo kadhaa baadaye. Hili huwa linaniuma, sijui kwa nini. Pengine kwa sababu dawa iko rafuni, mgonjwa yuko kitandani, na hakuna anayejua kwamba hao wawili wanahusiana.

Basi turudi Urusi. Oktoba 2, 1922, Lenin alirudi Kremlin. Novemba 13 alihutubia mkutano wa wakomunisti wa kimataifa kwa Kijerumani kwa karibu saa nzima, ingawa waliokuwa karibu naye waliona anavyotafuta maneno. Novemba 20 alisimama katika ukumbi wa Bolshoi, na hiyo ikawa hotuba yake ya mwisho hadharani. Mwishoni mwa mwezi mguu ukamsaliti tena. Desemba 13 akapata mashambulizi mawili siku moja. Desemba 16 likaja baya zaidi, na usiku wa kuamkia 23 mkono na mguu wa kulia vikapooza.

Sasa akaogopa muda. Aliomba aruhusiwe kusema huku karani akiandika, dakika chache tu kwa siku, na wakubwa wa chama wakaweka masharti: hakuna wageni, hakuna habari za siasa. Katika dakika hizo za kuibia, kati ya Desemba 23 na Januari 4, ndimo alimotunga barua kwa mkutano mkuu wa chama. Aliwapima wenzake mmoja mmoja. Kuhusu Stalin, ambaye tangu Aprili 1922 alikuwa katibu mkuu, alionya kwamba amejilimbikizia mamlaka makubwa mno, na katika nyongeza ya Januari 4 akapendekeza waliobaki watafute njia ya kumtoa katika kiti hicho.

Mkutano wa chama ulikuwa ufanyike Aprili 1923, naye alikuwa akijiandaa kwa ajili yake hata akiwa kitandani. Machi 5 aliagiza barua kali kwa Stalin kwa sababu alikuwa amemtukana Krupskaya kwenye simu. Siku tano baadaye, Machi 10, ubongo wa kushoto ukapata pigo jingine. Upande wa kulia ukafa kabisa. Usemi ukaisha. Mtu ambaye silaha yake maisha yote ilikuwa neno akabaki na silabi chache alizozirudia kwa kila jambo, kwa kukubali na kwa kukataa, kwa hasira na kwa kuomba maji.

Madaktari wakaja kutoka Ujerumani na Uswidi, majina makubwa makubwa. Wakajadiliana. Hawakuwa na kipya.

Aliyebaki na kazi ni Krupskaya. Alikuwa mwalimu tangu ujana wake, amewahi kufundisha wafanyakazi kusoma usiku, na sasa akaanza upya na mumewe: herufi, silabi, picha, majina ya vitu. Akamzoeza kuandika kwa mkono wa kushoto. Kiangazi cha 1923 Lenin alianza kutembea kwa fimbo, na Oktoba 18 alidai apelekwe Moscow, akaiona ofisi yake, akalala usiku mmoja, akarudi Gorki. Hakuiona tena. Jioni ya Januari 21, 1924, baada ya kushikwa na degedege, alifariki. Alikuwa na miaka 53. Barua yake ilisomewa wajumbe Mei mwaka huo, na Stalin akabaki pale pale. Yaliyofuata chini yake unayajua. Siwezi kukuapia kwamba Lenin mzima angeikomboa nchi hiyo, maana hata yeye ndiye aliyeijenga ile mashine. Ila hoja yake haikupata mtu wa kuisimamia, kwa kuwa mwenye hoja hakuweza kusema.

Kesho yake, hapo Gorki, profesa Aleksei Abrikosov akaupasua mwili. Na hapo, kwa mara ya kwanza, mtu akauona mshipa. Karotidi ya kushoto, ile inayolisha upande wa usemi na mkono wa kulia, ilikuwa imeziba. Mishipa mingine ya ubongo ilikuwa imejaa chokaa kiasi kwamba koleo dogo la daktari lilipoigonga ilitoa mlio kama wa jiwe. Upande wa kushoto wa ubongo ulikuwa na mashimo mahali palipokufa, makovu ya kila shambulizi tangu Mei 1922. Risasi hazikuhusika. Babake alikuwa amekufa kwa ubongo akiwa na miaka 54, na dadake mdogo, Maria, aliyemuuguza muda wote huo, naye aliondoka kwa ubongo mwaka wa 1937 akiwa na 59. Ukoo huo ulibeba kitu.

Ukimpata babu na dalili zile za asubuhi, hapa kwetu leo skani ya CT ipo katika hospitali kadhaa za kaunti. MRI ni chache na bei yake inauma, wewe mwenyewe unajua. Lakini hata hiyo CT, pamoja na ile dawa ya rangi, inamwona mtu ambaye Foerster na wenzake hawakuweza kumwona. Mwambie daktari saa kamili dalili zilipoanza, hata kama zimeisha. Hilo ndilo swali lake la kwanza.

Ubongo wa Lenin haukuzikwa. Serikali ilimwalika mtaalamu wa Ujerumani, Oskar Vogt, aje kutafuta siri ya akili yake, na kuanzia 1925 ubongo huo ukakatwa vipande zaidi ya 30,000, vyembamba kuliko karatasi, vikapangwa kwenye vioo na kutazamwa kwa hadubini. Novemba 1927 Vogt akatangaza jijini Moscow alichodhani amekiona. Miezi mitano kabla ya hapo, Juni 28, mjini Lisbon, daktari wa Ureno aitwaye Egas Moniz alikuwa amedunga dawa ya rangi katika mshipa wa shingo ya mgonjwa aliye hai, akapiga eksirei, na mishipa ya ubongo ikajitokeza kwenye filamu kama matawi ya mti.